Aitikiaye Wimbo

Wapenzi wakatekumeni, mmoja wenu aliniuliza juzi baada ya mafundisho: «Mwalimu, je, ni dhambi kwenda usiku kusikiliza nyimbo za wazee?» Nilimjibu upesi kwamba si dhambi, nikaenda zangu. Njiani nikatambua ya kuwa nimejibu swali jepesi, nikaliacha lililo zito.

Lile jepesi tulimalize. Ngoma haina kosa. Mwaka 1958, huko Kamina, waimbaji wa Padri Guido Haazen waliimba Misa kwa sauti na ngoma za kwao. Na mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake. Basi mtu asiwatishe kwa habari ya likembe.

Swali zito ni hili: aitikiaye wimbo, je, ana sehemu katika neno la wimbo?

Sisi wa Nyangwe twajua vema kuitikia ni nini. Wapiga kasia wa Kigenya katika Lualaba, mmoja hutoa neno, wengine hulipokea, na makasia huingia majini pamoja na itikio. Asiyeitikia huchelewesha kasia lake, mtumbwi ukayumba. Hivyo mkono hujifunza kuitikia kabla akili haijapima neno. Mtoni ni jambo jema.

Wakati wa kiangazi nilialikwa katika nyumba ya mzee mmoja. Chumba kidogo, taa moja, watu wapata ishirini, magoti yakigusana. Mzee akapiga likembe, akaimba safari za zamani, mavuno na wafu wetu, nami nikafurahi kuliko nilivyopata kufurahi kwa siku nyingi. Kisha, bila kubadili sauti, akatia katika wimbo jina la mjane wa jirani, akidokeza kwamba mtoto wake hakufa kwa homa bure, na kwamba mama mwenyewe ajua. Tukaitikia. Nami niliitikia, tena kwa nguvu, kwani nina sauti nzuri (sisi walimu wa dini twapenda kujivuna kwa hilo). Itikio lilipokwisha, ndipo maana iliponifikia.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, katika kitabu cha Maungamo yake aliona haya kwa sababu mara nyingine sauti ya waimbaji kanisani ilimgusa kuliko neno lililoimbwa. Kama yeye aliogopa hayo mbele ya zaburi, sisi tufanyeje mbele ya uvumi?

Mtu atasema: ni desturi, wimbo ni baraza la wanyonge, na wizi wa mkubwa hutajwa humo pasipo mwingine athubutuye kuusema. Ni kweli, wala sitaki desturi hiyo ife. Lakini kosa lililoonwa na wote ni jambo moja, na neno la uchawi lisilo na shahidi ni jambo jingine. La kwanza laweza kumrudisha mkosaji. La pili humfukuza mtu kijijini, na huenda fimbo zikafuata.

Mwingine atasema: kosa ni la mwimbaji, mwitikiaji hurudia tu. Fikirini soko letu, tarehe 15 Julai 1871. Daktari Livingstone alikuwapo, akaandika aliyoyaona. Watu wachache wenye bunduki waliingia kati ya wachuuzi. Mmoja akashindania bei ya kuku. Mara bunduki zikalia, na wenzao waliokuwa karibu na kijito wakapiga nao. Waarabu wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Wale wa kijitoni hawakuwa na ugomvi wowote wa kuku. Waliitikia. Risasi na wimbo si sawa, najua. Udhuru ndio ulio mmoja.

Je, kunyamaza kwatosha? Uwanjani, penye watu mia tano, kimya cha mmoja hakisikiki, naye hajamsaidia mtu. Chumbani mwa watu ishirini husikika kama kasia lililokosekana. Mzee angaligeuka akanitazama. Hicho ndicho nilichokiogopa. Maana nafasi niliipata: ubeti wa pili ulirudia jina lile, nami niliitikia tena, kwa sauti ndogo zaidi, nikijidanganya kwamba hiyo ni nusu ya kosa.

Mafundisho yetu yasema wazi kwamba aliyemvunjia mwenziwe sifa hana budi kuirudisha, wala kuungama peke yake hakumwondolei deni hilo. Kesho yake nikaenda kwa mjane. Alikuwa akitwanga mpunga. Nikaanza kueleza kwamba wimbo ulikuwa wa mzee, kwamba sikujua utakwenda wapi.

«Mwalimu,» akasema, «baba yule amezeeka, maneno yake hayakufika huku. Yako niliyasikia.»

Akanisogezea kigoda, akaendelea kutwanga.

Jumamosi mzee atapiga tena. Nimemwomba ruhusa niseme mbele ya watu wale wale, kabla ya wimbo wa kwanza.