Hukumu ya Kumdharau Mraibu wa Unga Atakaye Kutibiwa

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu, hapana khitilafu ya kwamba kila kileweshacho ni haramu, na heroini, huu unga ulioingia katika mji wetu wa Dar es Salaam tangu miaka ya 1980, ni katika hivyo. Hatukuandika karatasi hizi ili kuuhalalisha. Suala letu ni jingine: Je, yatuhalalikia kumdharau aliyetekwa na unga, hata akaona haya kwenda kutafuta dawa?

Tazameni hali yetu. Tangu Msimbazi na Mtaa wa Kongo hata Jangwani, kijana huyu hana tena jina alilopewa siku ya akika yake. Jina lake ni "teja". Kikipotea kitu sokoni hushikwa yeye kwanza, kabla ya ushahidi. Akiingia msikitini, watu hugeuka kutazama viatu vyao. Babake humficha kwa kuchelea maneno ya jirani, na akiwa ni mwanamke hufichwa zaidi.

Na dawa ipo, tena karibu. Mwezi wa Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, kisha Mwananyamala mwaka 2012, na Temeke mwaka 2014. Dawa hii ni ya kunywa, haina malipo, nayo humwondolea mgonjwa arosto, yaani yale maumivu yampatayo akikosa unga. Lakini sharti ya aanzaye ni kuinywa kila siku mbele ya muuguzi. Basi fahamuni: mwenye homa humwendea tabibu mara moja au mbili, akapona, huyu yampasa apite njiani mara kwa mara, mbele ya macho ya watu, kwa miezi na miaka. Kejeli ikimshinda asiende, arosto humrudisha kwa muuza unga, ambaye yeye hamwiti jina baya, bali humkaribisha kwa bashasha.

Huenda mtu akasema: Tukimwonea huruma tutawapa wengine ujasiri wa kuasi. Jawabu: Aliletwa mbele ya Mtume, sala na salamu zimshukie, mtu aliyekwisha kuadhibiwa mara nyingi kwa kunywa pombe. Mmoja katika waliohudhuria akamlaani. Mtume akamkataza, akashuhudia ya kwamba mtu yule ampenda Mungu na Mtume wake. Adhabu ilitimizwa, na laana ikazuiwa. Kuchukia tendo kwatupasa; kumvunja mtendaji hatukuamrishwa. Na Sura ya Hujurati imetukataza kuitana kwa lakabu mbaya, wala haikumtoa mlevi katika hukumu hiyo.

Na mwingine atasema: Methadoni nayo ni kileo kilichobadilishwa jina. Jawabu: Imamu Ibn Hajar al-Haytami, katika wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, karne ya 10 ya Hijra, aliulizwa juu ya mtu aliyezoea afyuni hata akiiacha atakufa. Akajibu ya kwamba kwa dharura ile yamjuzia, bali yampasa, kutumia kadiri ya kuokoa roho yake. Tena yampasa aipunguze kidogo kidogo mpaka mwili uache kuitamani. Na unga huu asili yake ni afyuni hiyo hiyo. Ikiwa hukumu ni hiyo kwa afyuni yenyewe, itakuwaje dawa ipimwayo na tabibu?

Basi ikiwa kujitibu kumempasa, amzuiaye kwa ulimi wake amezuia wajibu, naye ana fungu lake katika dhambi hiyo. Ewe mwenye duka, usimtukane apitapo kwenda hospitali. Ewe mwalimu wa chuo, mwite kwa jina ulilomfundishia alifu. Nawe mzazi, fuatana na mwanao mchana, watu wakiona.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atuhifadhi na shari ya ndimi zetu. Amin.