Anayekaza Waya Anadaiwa Jibu

Kikaza waya ni chombo kidogo cha chuma ambacho wengi huwaachia mafundi wa uzio bila kukifikiria. Kina taya mbili za kuuma waya, mnyororo mfupi unaoziunganisha, na mkono mrefu wa kuvutia. Fundi hubana waya kwenye taya, kisha husukuma mkono huku na huku. Kila msukumo, ndoano huachia pingili moja na kushika ya mbele yake, taya zikazidi kusogeleana. Kadiri waya unavyovuta kwa nguvu zaidi, ndivyo taya zinavyouma zaidi. Kwa njia hiyo mtu mmoja, kwa mikono yake miwili, hufikisha mvuto wa zaidi ya kilo 100 kwenye uzi mmoja wa waya. Nimekichagua chombo hiki kwa sababu kinatupa mwanga juu ya swali la zamani la dini na la falsafa: je, uzio unaumba haki ya mwenye ardhi, au unailinda tu haki ambayo lazima itoke kwingine? Jibu ninalolitetea ni kwamba mpaka haujengwi mara moja ukaisha. Ni tendo linalorudiwa, na kila anayelirudia anadaiwa sababu upya na wale aliowazuia upande wa pili.

Tuanze na waya wenyewe. Chuma hutanuka kwa joto na husinyaa kwa baridi. Waya wa mita 100, joto likipanda kwa nyuzi 20 kutoka alfajiri hadi adhuhuri, hutaka kurefuka kwa sentimita 2.4. Kwa kuwa ncha zake zimefungwa kwenye nguzo, kinachopungua ni mvuto: kwa waya wenye unene wa milimita 2.5, zinaondoka kilo 24 hivi, na jua likizama zinarudi. Ongeza hapo ng'ombe wanaojikuna kwenye nguzo, mchwa wanaokula mti chini ya ardhi, na udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, hadi nguzo ya kona inainama. Wala dawa si kukaza kupita kiasi, kwa sababu waya uliovutwa mno hukatika tawi la kwanza linapouangukia, au huing'oa nguzo inayoushikilia. Mlima unaotenganisha vijiji viwili hausubiri mtu aje kuusimamisha. Uzio wa waya husimama kwa sababu kuna mtu anayetaka usimame, na siku akiacha kutaka, kutu na mchwa huanza kazi yao.

Wanafalsafa wawili waliotajwa sana katika jambo hili waliutazama uzio kana kwamba huwekwa mara moja tu. Jean-Jacques Rousseau, katika andiko lake la mwaka 1755 kuhusu chanzo cha kutokuwa sawa kwa binadamu, alimwona mtu wa kwanza aliyezungushia kipande cha ardhi na kukiita chake kuwa ndiye mwanzilishi wa jamii tuliyo nayo, pamoja na vita na mateso yake. John Locke, miaka zaidi ya 60 kabla yake, alisema kinyume: anayechanganya kazi ya mikono yake na ardhi huifanya kuwa mali yake, mradi awaachie wengine ya kutosha na nzuri vilevile. Mmoja analaani siku ya kwanza, mwingine anaibariki, na wote wawili wanaifanya siku hiyo kuwa kiini cha hoja. Lakini Locke aliongeza neno ambalo wafuasi wake hulipita haraka. Alisema kwamba majani yakiozea ndani ya uzio, au matunda yakiharibika bila kuvunwa, kipande hicho kinahesabiwa kuwa ardhi isiyotumika, na mwingine anaweza kukichukua, uzio uwepo usiwepo. Maana yake ni kwamba hata kwa mtetezi mkubwa wa mali binafsi, uzio uliosimama wima haukutosha kuwa ushahidi. Haki ilikuwa katika matumizi, na matumizi ni jambo la kila msimu.

Vitabu vya dini vimelisema hili kwa mkazo zaidi, tena kwa kuweka muda. Kumbukumbu la Torati 19:14 inakataza kuondoa alama ya mpaka wa jirani, na Mithali 22:28 inarudia katazo hilo. Wenye mashamba makubwa hupenda kuishia hapo. Lakini Torati hiyohiyo, katika Mambo ya Walawi 25:23, inakataza ardhi kuuzwa kwa kudumu, kwa kuwa ni ya Mungu na watu ni wageni tu juu yake. Sura ya 19 ya kitabu hichohicho inamwamuru mvunaji aache pembe za shamba lake kwa maskini na mgeni. Kutoka 23:11 inautaka mwaka wa saba uwe wa kuliacha shamba, ili maskini wale, na kitakachobaki kiliwe na wanyama wa mwituni. Mwaka wa 50, yaani mwaka wa yubile, ardhi inarudi kwa koo zilizoipoteza. Ukiyasoma maandiko haya pamoja, unaona kwamba mpaka unaheshimiwa na papo hapo unahojiwa: kila mavuno, kila mwaka wa saba, kila mwaka wa yubile. Nabii Isaya naye, katika sura ya 5, anawatangazia ole wanaounganisha shamba na shamba hadi nafasi ikaisha. Hakuwatuhumu kwa kuhamisha jiwe la mpaka la mtu. Kosa lao lilikuwa kuendelea kujilimbikizia bila kuwatazama waliobanwa.

Katika Uislamu, mjadala huu umekaribia mno chombo chetu. Imepokewa kutoka kwa Mtume Muhammad (S.A.W.) kwamba anayehuisha ardhi iliyokufa, ardhi hiyo ni yake. Wanazuoni wengi wa fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, wakauliza: je, kupanga mawe au kuzungushia miiba ni kuhuisha? Wakajibu kwamba hapana. Aliyeweka alama amepata kipaumbele tu, na inasimuliwa kuwa Khalifa Umar ibn al-Khattab alikiwekea kipaumbele hicho ukomo wa miaka 3. Ikipita bila kulima, kujenga au kuleta maji, hana tena cha kudai. Ipo pia hadithi inayosema kuwa watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Na aliyepora ardhi ya mtu, hata shibiri moja, ameonywa kwamba atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Kwa hiyo mnyang'anyi anatishwa kwa adhabu kubwa, na mwenye uzio mtupu naye anaambiwa kwamba alama yake ina muda. Sheria za Tanzania zina mwelekeo unaofanana na huu: chini ya sheria za ardhi za mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na mwenye hati hupewa haki ya kuitumia kwa muda na kwa masharti.

Hoja hii inaonekana waziwazi katika nchi ya Wamaasai, kusini mwa Kenya. Kufunga malisho hakukuwa jambo geni kwao. Wafugaji walitenga olopololi, malisho ya ndama na wanyama wagonjwa karibu na boma, na majirani waliyaheshimu kwa makubaliano, bila waya. Kisha ukaja mpaka wa karatasi. Mkataba wa mwaka 1904 uliwaahidi Wamaasai eneo la Laikipia kwa muda wote watakaokuwepo kama kabila. Mwaka 1911 mkataba mwingine ukawaondoa huko, na kesi waliyoifungua wakashindwa mwaka 1913. Ahadi iliyoandikwa kuwa ya daima ilidumu miaka 7. Baadaye, sheria ya mwaka 1968 ilianzisha ranchi za vikundi, na ranchi hizo zilipogawanywa vipande vya watu binafsi, waya ukafuata. Watafiti waliochunguza picha za setilaiti za eneo la Mara, kuanzia mwaka 1985 hadi 2016, walionya katika ripoti yao ya mwaka 2017 kwamba uzio unaongezeka kwa kasi inayoweza kuliangusha eneo zima la uhamaji wa wanyama. Lakini huko Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, tangu mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi kwa ekari, kila mwaka, ili waiache wazi kwa mifugo na wanyamapori. Mpango huo ulikuwa na upungufu wake, hasa wa fedha, lakini ulitambua kwamba kufunga au kutofunga ni uamuzi unaorudi mezani kila mwaka, na kwamba walio nje ya uzio wana uzito ndani ya uamuzi huo.

Kuna atakayesema kwamba ninayakuza mambo: kukaza waya ni matengenezo tu, kama kuziba paa linalovuja, na hakuna anayedai upya haki ya nyumba yake kila anapopanda na bati. Pingamizi hili lina nguvu, lakini mfano wake unajibomoa. Paa linazuia mvua, na mvua haina dai lolote juu ya nyumba. Uzio unamzuia mtu, au ng'ombe wa mtu, au nyumbu anayekwenda kwenye maji yaleyale aliyoyanywa mama yake. Tendo linalomgusa mwingine linahitaji sababu ambayo yeye mwenyewe, akielezwa, anaweza kuiona kuwa ni sababu. Na likirudiwa, sababu ya jana haitoshi yenyewe. Huenda jana kisima kilikuwa pande zote mbili, na leo kimebaki upande mmoja. Mkono uleule unaofanya matengenezo yasiyo na lawama mwaka wa mvua unaweza kuwa unafunga njia pekee ya maji mwaka wa ukame.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wanyonge. Haki ikiwa inadaiwa upya kila mara, watakaoipoteza kwanza si matajiri. Ni mjane mwenye robo ekari, ambaye shemeji zake wanangoja waya ulegee. Hofu hiyo ni ya kweli, na nadharia yoyote inayoipuuza haifai kufuatwa. Lakini kudaiwa sababu si kupoteza haki. Mjane huyu anayo sababu iliyo wazi kuliko wote: analima, analisha watoto, hajamzuia mtu kufika kwenye maji. Katazo la kuondoa alama ya mpaka limewekwa kwa ajili ya watu kama yeye, na shemeji anayeusogeza mpaka naye ni mtendaji anayedaiwa jibu, tena bila jibu lolote mkononi. Anayepaswa kuiogopa hoja yangu ni mwenye maelfu ya ekari zilizofungwa na kuachwa, anayetegemea urefu wa waya badala ya sababu. Tukisema uzio wenyewe ndio haki, tutakuwa tumerudi kwenye kanuni ya mwenye nguvu mpishe, na mjane hana nguvu za kushindania waya.

Wapo pia watakaosema kwamba chombo hakina dhambi. Ulaumu sheria, usilaumu chuma. Ni kweli kwamba kikaza waya hakitendi dhambi. Hata hivyo, kinabadilisha ukubwa wa kazi, na ukubwa wa kazi una maana yake kimaadili. Ua wa miiba ulitaka mikono mingi kukata, kuburuta na kupanga, ukaoza baada ya misimu michache. Aliyetaka kuzungushia eneo kubwa alilazimika kuwashawishi majirani wamsaidie, na katika kuwashawishi alilazimika kuwaeleza. Mwaka 1874, Joseph Glidden wa Illinois, Marekani, alipata hataza ya waya wa miiba, na katika miaka michache mbuga zilizokuwa wazi zikakatwakatwa. Wafugaji wakubwa walizungushia hata ardhi ya umma, mpaka Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kukataza jambo hilo mwaka 1885. Majira ya baridi yaliyofuata, ng'ombe waliokuwa wakikimbia dhoruba kaskazini mwa Texas walikwama kwenye uzio na kufa kwa wingi. Chombo kilikuwa kimewaondolea wenye ng'ombe ulazima wa kuuliza, na kilipoondoa ulazima huo, hakuna kilichowekwa mahali pake. Penye urahisi mkubwa wa kufunga, wajibu wa kujieleza unapaswa kuwa mkubwa vilevile.

Kwa hiyo sidai kwamba uzio uvunjwe. Mahindi yanahitaji kulindwa, ndama wanahitaji kulindwa, na jirani mwema hufaidika anapojua shamba la mwenzake linaishia wapi. Ninachodai ni kwamba haki ya kuzuia inategemea sababu ya kuzuia, na sababu ina umri. Siku ya kukaza waya ni siku nzuri ya kuikagua: ardhi hii inatumika kwa nini, nani amebanwa upande wa pili, na je, kuna njia, maji au malisho ambayo hana pengine pa kuyapata? Mwenye majibu akaze bila wasiwasi, mwaka huu na mwaka ujao. Asiyekuwa nayo aweke lango, aache njia ya kupitia, au akubaliane na majirani msimu wa kuufungua uzio. Na kama ardhi yenyewe haitumii kabisa, akumbuke kwamba Torati, fiqhi na hata Locke hawakumpa waya kuwa utetezi.