Kuwaombea Wahunzi wa Katuruka

Kila mwaka darasa la kipaimara hapa Nyegezi huniuliza: Mwalimu, mababu waliokufa kabla ya wamisionari wako wapi? Wamisionari wa Afrika walifika Bukumbi, kusini mwa hapa, mwaka 1883. Watoto wakipiga hesabu wanaona Injili katika ufuko huu haijafikisha hata miaka 150. Kwa kuwa siku za juma nafundisha kemia, naanza na mkaa.

Ng'ambo ya ziwa, Katuruka, upande wa Bukoba, ulikuwepo mti mkubwa ulioitwa Kaiija. Wahaya walipatukuza mahali pale, wakisimulia kuwa mfalme Rugomora Mahe, wa karne ya 17, aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni. Mwaka 1970 mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, alifuata simulizi za wazee akachimba hapo. Akakuta mabaki ya kazi ya chuma, na mkaa wake ulipopimwa kwa kaboni 14 ukaonyesha umri wa takriban miaka 2,500.

Mti ulio hai hupata kaboni 14 kutoka hewani. Ukifa haupati tena, na ile iliyomo hupungua kwa nusu kila miaka 5,730. Kwa hiyo katika mkaa wa Katuruka karibu robo tatu bado ipo.

Nawaonya wasiukumbatie mwaka mmoja kama aya ya Maandiko. Kipimo kinahesabu tangu mti ulipokua, si tangu moto ulipowashwa. Gogo la kale likichomwa leo litatoa umri wake lenyewe. Tena kati ya mwaka 800 na 400 kabla ya Kristo kaboni ya hewani ilibadilika hivi kwamba mkaa wa karne tofauti hutoa vipimo vinavyokaribiana. Na hizo ndizo karne za wahunzi wetu! Mtu mwaminifu atataja karne kadhaa, basi.

Hata hivyo wahunzi wale waliitangulia Bethlehemu. Je, waliomba? Mkaa hauwezi kuniambia. Mimi naamini waliomba, maana Wahaya tunaowafahamu waliyeyusha chuma kwa miiko na matambiko, na sioni kwa nini wa kale wangeikabili tanuru mioyo mitupu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Lumen Gentium ya mwaka 1964, ulikiri kwamba asiyeijua Injili bila kosa lake, akimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, anaweza kuokoka. Hilo nawafundisha watoto bila kusitasita.

Novemba, mwezi wa marehemu, niliandika nia ya misa: wahunzi wa Katuruka. Mama mmoja wa jumuiya yetu akanishika mkono nje ya kanisa. "Mwalimu, unawaombea watu ambao hawakubatizwa?"

"Mama, Melkisedeki naye hakubatizwa," nikamjibu, "wala hakuwa wa ukoo wa Abrahamu. Lakini padre akisali Sala ya Ekaristi ya Kwanza, sadaka yake anaitaja pale pale altareni."