Je, Huyu Naye Ana Shamba?



Jumapili iliyopita pasta alihubiri kutoka Yakobo 1:27, ile ya dini iliyo safi, halafu akauliza ni nani kati yetu amelea mtoto ambaye hakumzaa. Nikainua mkono. Akaniita mbele, akaniwekea mkono begani, kanisa lote likapiga makofi na kina mama wakapiga vigelegele. Kijana wetu alikuwa ameketi karibu na spika, anaangalia viatu vyake. Nilirudi kwa kiti changu nikiwa nimejaa kifua.

Tulipofika nyumbani mama watoto alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka. Aliniuliza tu, "Mzee, hao watu wote wamekupigia makofi. Wanajua huyu mtoto hana shamba?"

Naandika haya kwa sababu ya hilo swali. Pasta ameyasoma na amekubali yachapishwe jinsi yalivyo.

Sisi wa Chebunyo mnatujua. Watu wakisikia Bomet wanafikiri ni majani chai kila mahali, lakini huku kwetu chini ni jua, mahindi, ng'ombe na mbuzi. Chai iko juu kule, Konoin na Kericho. Vijana wetu hupanda kwenda kuchuma, wengine hurudi na pesa, wengine hurudi na watoto, na siku hizi mashine zimechukua kazi nyingi hivi kwamba wengi hurudi mikono mitupu. Mama ya huyu kijana alikuwa jirani yetu kabla ya kwenda huko. Alirudi 2014 akiwa mgonjwa sana, na hakukaa hata miezi miwili. Baba ya mtoto hatukumjua. Nyanya yake alikuwa haoni vizuri. Mtoto alikuwa na miaka minne, na siku ya mazishi alilala kwetu kwa sababu mvua ilinyesha. Ndivyo alivyoingia. Hatukuomba wala kufunga, hatukuona maono. Ni mvua.

Tulisema atakaa mpaka shule ifunguliwe. Sasa ana miaka 15. Ananiita baba, na kwenye fomu ya shule, pale pa kuandika jina la baba, niliweka kistari.

Lakini kabla sijaendelea na huyu kijana niungame habari ya mtoto mwingine, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonifundisha nusu ya jambo hili, na hapa kanisani wengi wenu mliiona bila kuielewa.

Mtamkumbuka yule msichana mdogo aliyekuwa akiimba na Sunday school yetu. Mama yake alituachia 2019, akasema ni mwezi mmoja atafute kazi. Mwezi ukawa miaka mitatu. Alikuwa anatuma pesa kwa simu mara moja moja, mia tatu, mia tano, na mimi nikawa naziona kama matusi. Nilisimama hapa madhabahuni nikashuhudia kwamba Mungu ametupa binti. Mliitikia Amina. Basi 2022 mama akaja, amevaa vizuri, amepata chumba cha kupanga na kibanda cha mboga, anataka mtoto wake. Nikamwambia, "Mtoto amezoea hapa." Akaniambia, "Baba, nashukuru sana, lakini ni wangu." Nikakataa. Mimi, mzee wa kanisa, nikamfungia mama lango akiwa amesimama nje na mfuko wa mkate na juisi.

Alienda kwa chifu, chifu akatuelekeza kwa afisa wa watoto. Nilienda nikiwa nimejiandaa kwa mistari ya Biblia. Afisa hakubishana nami hata kidogo. Aliuliza kama nina karatasi yoyote. Sikuwa nayo. Aliuliza kama mama aliwahi kusema amemtoa mtoto. Hakuwahi. Kisha akatueleza taratibu, kwa upole kuliko nilivyostahili. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inatambua kwamba mtoto anaweza kulelewa na ndugu wa ukoo, au akawekwa kwa familia nyingine kwa muda huku afisa akifuatilia, au akaasiliwa. Kulea kwa muda hakufuti mzazi. Yule mzazi anabaki mzazi, na kazi yako ni kumtunza mtoto huku mlango wa kwao ukiwa wazi. Kuasili ni jambo lingine kabisa. Lazima mtoto atangazwe rasmi kwamba anaweza kuasiliwa, awe ameishi nawe angalau miezi mitatu mfululizo, na mwisho mahakama iamue. Kuanzia hapo ni kama umemzaa. Mimi sikuwa nimefanya hili wala lile. Nilikuwa nimekaa na mtoto wa mtu tu, basi.

Msichana akarudi kwa mama yake. Nilikasirika miezi mingi, na niliacha kusoma 1 Wafalme 3, ile ya Sulemani na wale wanawake wawili. Mnajua ni kwa nini. Mama wa kweli pale alijulikana kwa kuachilia, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika mguu mmoja wa mtoto nikivuta.

Hata ule mstari wa Yakobo tuliopigiana makofi nao, uangalieni tena. Yakobo anawataja yatima na wajane pamoja. Hajasema tumchukue mtoto tumwache mama yake kwenye dhiki. Tungekuwa na akili, zile pesa za unga tulizotumia kwa msichana miaka mitatu, tungempa mama nusu yake mwaka wa kwanza aanzishe hicho kibanda, na mtoto asingelala hata usiku mmoja bila yeye. Na hapa niseme kidogo kuhusu safari zetu za Desemba za kupeleka sabuni na biskuti kwenye makao ya watoto, tukipiga picha. Wengi wa watoto wale wana mzazi au jamaa aliye hai mahali fulani. Serikali yenyewe ina mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwarudisha watoto kutoka makao hadi kwenye familia. Nimehudhuria hizo safari mara sita. Hatujawahi kuuliza hata mtoto mmoja kwao ni wapi.

Basi nikadhani nimejifunza: mtoto si wako, mrudishe. Lakini huyu kijana nimrudishe wapi? Mama alikufa. Nyanya alikufa 2018. Hakuna lango la kurudi ila letu. Hapo ndipo swali la mama watoto linaponichoma, kwa sababu msichana nilimshika aliyekuwa na kwao, na kijana asiye na kwao nimemwacha akining'inia. Yule nilimng'ang'ania kabisa, huyu nimempa nusu. Nikijipima, naona sababu ni moja: mara zote mbili niliangalia kile ninachotaka mimi. Binti mdogo anayeimba anapendeza. Kijana wa miaka 15 anataka shamba.

Nina eka nne na wana watatu wa kuzaa. Tuliitana juzi jioni nikawaeleza ninachofikiria. Mkubwa wangu si mtu mbaya, na hoja yake nataka muisikie vile aliisema. "Baba, huyu amekula, amesoma, alipougua tulimpeleka Longisa. Wangapi hawajapata hata hiyo? Ukimpa mtu zawadi, si deni la kumpa nyingine." Nilikosa jibu usiku huo. Ni kweli, zawadi haizai deni. Ukimpa mpita njia maji, hawezi kukudai ng'ombe.

Jibu lilinijia nikikamua asubuhi. Mpita njia hakuniita baba. Kama tangu siku ile ya mvua ningemwambia kijana, "Wewe ni mgeni wetu, tutakusomesha, halafu utajitafutia," hapo mwanangu angekuwa sawa, na hakuna mtu angenilaumu. Kuna walezi wa namna hiyo na Mungu anawaheshimu. Lakini mimi nilimwacha aniite baba miaka 11, na nilipoitikia nilikuwa nimetoa ahadi. Kisha nikalitumia hilo jina kupata makofi. Mtu hawezi kuwa baba madhabahuni na kuwa mwenye nyumba ya kupanga kwenye ua.

Na hesabu nayo niliifanya. Eka nne kwa watatu ni eka moja na theluthi. Kwa wanne ni eka moja kamili. Kwa hiyo kila mwanangu anaombwa theluthi ya eka. Si kitu kidogo kwa kijana anayeoa huku kwetu, sitadanganya. Lakini niliposikia "shamba litaisha" nilifikiri ni zaidi ya hapo. (Hiyo hesabu bado haijaweka mabinti zangu wawili, ambao sheria inawapa haki sawa na kaka zao. Mama watoto ameniambia hilo nalo tutalizungumza, na sauti yake haikuwa ya mzaha.)

Wengine wamenishauri nisiseme kitu, nigawe kimya kimya, kwani hana karatasi. Hawajui kwamba Sheria ya Urithi ya Kenya inahesabu kati ya wategemezi hata mtoto ambaye marehemu alimchukua katika familia yake kama wake na kumtunza. Maana yake nikinyamaza, huyu kijana anaweza kusimama mahakamani dhidi ya ndugu zake siku nimekufa. Huo ndio urithi nitakaowaachia wote wanne, kesi.

Ninarudi kila mara kwa Mefiboshethi, 2 Samueli 9. Sisi hupenda kuhubiri ile meza ya mfalme, jinsi kilema alivyokula na wana wa Daudi. Meza ni rahisi kuhubiri. Lakini Daudi alitaja kwanza shamba: alimrudishia mashamba yote ya Sauli babu yake, ndipo akamkaribisha mezani, kisha akamweka Siba na wanawe wayalime. Daudi alijua kwamba meza bila shamba humfanya mtu aombe chakula maisha yake yote. Na Paulo katika Warumi 8 anapozungumza juu yetu kufanywa wana, haachi hapo, anaendelea moja kwa moja hadi kwenye urithi. Kama Mungu angetuita wana, atulishe, atusomeshe, kisha atuambie mbinguni hakuna nafasi yetu kwa sababu Mwanawe wa kweli ni mmoja, tungemwitaje?

Kuna wanaosema hiyo ni Biblia, lakini sisi Wakipsigis damu ni damu. Wazee, mnisamehe, kwani tumesahau? Kuna familia zetu nyingi, nzuri, zenye heshima, ambazo chanzo chao ni Mkisii au Mmasai aliyepokelewa zamani, akaingizwa katika ukoo, na leo hakuna anayemnyooshea kidole mjukuu wake. Babu zetu ambao hawakuwa wameokoka walijua kumaliza jambo. Walimpokea mtu hadi mwisho. Sisi ndio tumeleta hii ya kumpokea mtu hadi jikoni.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa na kijana tukirekebisha ua upande wa mto. Kuna mikaratusi aliyoipanda mwenyewe akiwa darasa la nne, sasa imempita kimo mara tatu. Alishika mmoja akauliza bila kuniangalia, "Baba, hii miti, ikifika ya kukatwa, nitakata mimi ama ni ya hao?" Nikajifanya natafuta misumari.

Desemba ni tohara. Yeye ni wa kundi la mwaka huu, na kanisa litaandaa wavulana kama kawaida. Wanapotoka kila mmoja hupokelewa na boma lake. Sitaki atoke huko mwanaume halafu asimame katikati ya uwanja akitafuta ni nani atakayesogea.

Nimeuliza tena kwa afisa, safari hii bila mistari. Mtoto mkubwa kama huyu lazima akubali mwenyewe mbele ya mahakama, kwa hiyo ni lazima nimwombe, na anaweza kunikatalia. Akifikisha 18 huo mlango utakuwa umefungwa. Na mimi nina 58. Sheria huweka kikomo cha miaka 65 kwa anayeasili, kwa hiyo hata mimi sina muda wa kucheza nao. Mwanangu mkubwa bado hajasema ndiyo. Amesema atakuja nasi tu kusikiliza, na wa mwisho ameuliza kama kijana atabadilisha jina. Sijui. Nitamwachia yeye.

Jumanne tunapanda matatu ya asubuhi kwenda Bomet, sisi wanne na kijana. Mama watoto ameshatoa cheti cha kifo cha mama yake kwenye sanduku, amekifunga kwa nailoni na kukiweka juu ya kabati pamoja na ile fomu ya shule yenye kistari. Leo jioni, baada ya kukamua, ndipo nitamwambia tunaenda kufanya nini huko. Niombeeni, sijawahi kuogopa mtoto hivi.