Mama Akitoka Bila Shughuli

Majuma machache yaliyopita baba mmoja wa Kirumba, mjini Mwanza, alitujia ofisini wakati wa jioni. Baada ya kumsifu Yesu Kristu aliketi, akavua kofia yake, akaomba tumsaidie kwa neno moja katika gazeti. "Padre," alisema, "mke wangu simlaumu kwa kazi. Alfajiri yuko Mwaloni akinunua dagaa, mchana anauza, watoto wanakwenda shule wakiwa safi, na chakula sijakikosa hata siku moja. Lakini ana tabia ya kutoka. Anatoka tu."

Tulimwuliza anakwenda wapi. Akajibu, kwa haya kidogo, kwamba Dominika moja kila mwezi, baada ya Misa ya kwanza, mkewe huwachukua watoto wao wanne pamoja na mahindi ya kuchemsha, akavuka nao kwa mashua mpaka kisiwa cha Saanane. Fedha zikipungua, huwapeleka kwa miguu kwenye miamba iliyo kando ya ziwa. Tena, na hili ndilo lililomkera zaidi, hata siku ya kazi mama huyo mara nyingine hupanda peke yake kilima cha mawe kilicho nyuma ya nyumba yao, akakaa juu kwa muda wa saa nzima, kisha akateremka mikono mitupu. Hana kuni, hana maji, hana mboga. "Watu wa jumuiya wananiuliza, Padre. Niwajibu nini?"

Tuliahidi kulitafakari jambo lake. Leo twalijibu, kwa ruhusa yake na bila kutaja jina, kwa kuwa twadhani swali hili linaulizwa katika nyumba nyingi zilizo mbali sana na Kirumba.

Tuanze na neno lenyewe. Lugha yetu ina kitenzi kizuri, kutembea. Baba akisema, "Jana nilikwenda kutembea," twaelewa kwamba aliwaamkia rafiki, akapunga hewa, akarudi na habari. Kijana akitembea nchi za watu, twamsifu kwamba amefunguka macho. Lakini mtu aseme juu ya mke wa jirani kwamba "siku hizi anatembea," mtaona jinsi nyuso zinavyobadilika. Kitenzi ni kile kile, nacho kimekwisha kuwa mashtaka. Ili mwanamke aonekane njiani kwa heshima, hana budi kubeba kitu: ndoo, kikapu, mtoto mgonjwa, au kitenge cha kwendea msibani. Mikono yake ikiwa mitupu, watu huijaza kwa dhana zao.

Msomaji wa Mbinga au wa Rombo asiyeijua Mwanza yafaa aelezwe kidogo. Mji ule umejengwa juu ya mawe na katikati ya mawe. Ni miamba mikubwa ya matale, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, mingine imepangana kana kwamba mtoto aliichezea akaiacha. Huko Kirumba nyumba zimepanda kilima kati ya mwamba na mwamba, na chini yake kuna soko la samaki la Mwaloni, ambapo dagaa waliovuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa hufikishwa mapema asubuhi. Wanawake wengi huishi kwa biashara hiyo. Huamka kabla ya jogoo, hupigania bei, hubeba mizigo, na jua likitua bado kuna sufuria inayowangoja. Nyuma ya migongo yao miamba imesimama siku zote. Juu yake huota jua mjusi wa ajabu, ambaye dume lake lina kichwa na mabega mekundu na kiwiliwili cha buluu. Wataalamu wamempa jina la mji wenyewe, Agama mwanzae. Twathubutu kusema kwamba wamo watu waliozaliwa Kirumba, wakazeeka Kirumba, wasiwahi kumtazama mjusi huyo kwa muda wa Salamu Maria moja.

Na Saanane si mahali pa anasa. Ni kisiwa kidogo karibu na Capri Point, kilichopewa jina la Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyeishi hapo zamani. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, ya kwanza katika nchi yetu, na mwaka 2013 kikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Kuna swala, kuna ngedere, na kuna pimbi, wale wanyama wadogo ambao Zaburi inawataja kwamba hupata kimbilio lao majabalini. Mtoto aliyemwona pimbi akikimbilia ufa wa jiwe ataisikia Zaburi ile kwa sikio jingine.

Basi lawama iko wapi? Husemwa kwamba muda wa mama ni mali ya nyumba, na kila saa anayoitumia nje bila faida ameiondoa kwa mumewe na kwa watoto. Hoja hii ina sura ya haki, kwa hiyo haifai kujibiwa kwa haraka.

Amri ya tatu ya Mungu, kama ilivyoandikwa katika kitabu cha Kutoka, sura ya 20, inawataja mmoja mmoja wale wanaopaswa kupumzika: mwenye nyumba, mwanawe, binti yake, mtumwa, mjakazi, mifugo, hata mgeni aliye malangoni. Mke hatajwi. Tulipokuwa seminari kuu, mwenzetu mmoja aliuliza darasani, nusu kwa mzaha, kama maana yake ni kwamba siku ya saba mke aendelee kupika. Tulicheka sana. Mwalimu wetu hakucheka. Alitueleza kwamba mke hatajwi kwa sababu yumo tayari katika lile neno la kwanza, "wewe." Mungu anasema naye pamoja na mumewe, kwa kuwa yeye ni mwenye nyumba, hakuwekwa katika orodha ya walio chini ya amri ya mwenye nyumba. Tulikiandika maneno hayo katika madaftari yetu. Lakini tangu tupate upadre tumeingia katika nyumba nyingi za Wakristu siku ya Dominika, nasi twakiri kwamba kicheko chetu ndicho kinachofuatwa humo, wala si maelezo ya mwalimu.

Kanisa nalo halikuishia kwenye Misa. Kanuni ya 1247 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawataka waamini waache kazi zinazozuia ibada, na pia zile zinazozuia furaha ya siku ya Bwana na pumziko linalostahili la akili na mwili. Haisemi pumziko la akina baba. Ikiwa baba anastahili kukaa chini ya mwembe na wenzake akicheza bao mpaka magharibi, wala hakuna anayekuja ofisini kwetu kumshitaki, mizani ile ile na impime mkewe.

Wengine watakubali mpaka hapa, kwa kuwa safari ya Saanane ni "kwa ajili ya watoto." Mama akiwapeleka watoto, bado amebeba kitu. Lakini ile saa ya peke yake juu ya mwamba je? Hapo ndipo penye swali lenyewe.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mtu ambaye hakuna aliyepata kumwita mvivu, anauliza katika Summa yake kama michezo na burudani vyaweza kuwa na fadhila ndani yake. Anakumbusha kisa cha kale juu ya Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walikwazika walipomkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwomba mmoja wao, aliyeshika upinde, apige mshale, na mwingine, na mwingine. Kisha akamwuliza kama aweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo na roho ya binadamu, akasema Yohane, isipolegezwa kamwe. Tomaso haishii hapo, bali anaendelea kufundisha kwamba hata kukosa burudani kabisa, na kuwa mzigo kwa wenzako kwa ukavu wako, kwaweza kuwa kosa. Wazee wa Usukuma waliojua pinde hawakuhitaji Summa kuelezwa kwamba upinde uliotundikwa ukiwa umevutwa huharibika hata bila kupiga mshale.

Tuna mifano ya karibu zaidi. Mtakatifu Gianna Beretta Molla wa Italia, aliyezaliwa mwaka 1922, alikuwa daktari, mke na mama. Alipenda milima tangu ujana wake. Alipanda, akateleza juu ya theluji kama wafanyavyo watu wa nchi zile, na ndoa aliyofunga mwaka 1955 haikumwondolea mapenzi hayo. Alifariki mwaka 1962, wiki moja baada ya kumzaa mtoto wake wa nne, kwa kuwa alikataa matibabu ambayo yangemwua mtoto huyo tumboni. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 16 Mei 2004, mumewe na watoto wake wakiwapo. Atakayesema kwamba mama apendaye milima hawezi kuwapenda watoto wake, na asimame mbele ya kaburi la mama huyo aseme tena.

Na Mama Bikira Maria? Wengi hutaja safari yake ya kwenda milimani kwa Elizabeti. Sisi hatutaitegemea sana, maana alikuwa na shughuli ya kumhudumia jamaa yake. Afadhali ile safari ya kila mwaka kwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka. Torati iliwadai wanaume peke yao wahudhurie, nayo haikumlazimisha mwanamke. Hata hivyo Mtakatifu Luka anaandika kwamba wazazi wa Yesu, wote wawili, walikwenda mwaka hata mwaka. Maria alikwenda bila kudaiwa. Na tukumbuke kwamba katika safari hiyo mtoto alipotea siku tatu. Maria aliulizwa maswali magumu na mwanawe, lakini hatusomi mahali popote kwamba Nazareti ilimwambia angalibaki nyumbani.

Hilo latuleta kwenye hatari, maana baba yule alitaja pia mawe yanayoteleza na ziwa lenye mamba. Hofu yake si bure. Ziwa Viktoria limewameza wengi wetu. MV Bukoba ilizama mwezi wa Mei 1996, na MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara mwezi wa Septemba 2018. Palipo na konokono wa kichocho, watoto wasiogeshwe. Mashua iliyojaa kupita kiasi mama asiipande, hata watoto walie. Busara ni fadhila ya kwanza kati ya zile nne kuu, nayo yamhusu mpanda miamba kama yamhusuvyo mvuvi. Lakini twauliza: mama huyo huyo anaposimama ndani ya maji kabla ya mapambazuko akingoja mtumbwi wa dagaa, nani aliyemletea Padre habari za mamba? Inaonekana hatari inayoleta fedha huitwa juhudi, na hatari inayoleta furaha huitwa ujinga.

Sasa na akina mama watusikilize. Sufuria haikuacha kuchafuka kwa sababu mama yuko Saanane. Nani anaiosha? Katika nyumba nyingi jibu ni binti mkubwa, au msichana wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini akiwa mdogo kuliko hao watoto wanaotembezwa. Tulisema kwamba mke hatajwi katika amri ya tatu, lakini mjakazi ametajwa waziwazi. Mama anayedai pumziko lake na kumwacha msichana huyo jikoni amevunja amri anayoitegemea. Na apandishwe mashuani pamoja na wengine. Au wote wale mahindi baridi, na sufuria zingoje jioni. Tulimwuliza baba wa Kirumba juu ya jambo hili. Alisema wanaye msichana, naye huenda nao kila mara, na watoto hudhani ni dada yao. Twakiri kwamba tuliposikia hivyo tulikuwa tumekwisha kuamua.

Na sisi mapadre tusijitoe. Dominika ya mama Mkatoliki, tukiihesabu vizuri, huwa na Misa, kwaya, kikao cha WAWATA, usafi wa kanisa na chakula cha mgeni wa parokia. Hayo yote ni mema, na mengi tumeyaomba sisi wenyewe, kisha tunahubiri juu ya pumziko la Bwana. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alifahamu jambo ambalo sisi tumelisahau. Alifika Bujora, karibu na Kisesa, mwaka 1952, na huko sikukuu ya Mwili wa Kristu ikaungana na ngoma za Wasukuma. Mpaka leo, kila mwezi wa Juni, familia humiminika Bulabo kuona Bagika na Bagalu wakishindana. Mama anayekwenda Bulabo na wanawe haulizwi amekwenda kufanya nini. Amekwenda kutazama, basi.

Hayo ndiyo tuliyomjibu baba yule alipokuja mara ya pili. Alisikiliza kwa adabu, akaigeuzageuza kofia yake mikononi. Kisha tukamwuliza kama yeye mwenyewe amewahi kukipanda kilima kile cha nyuma ya nyumba. Akafikiri. Akasema alikipanda alipokuwa mtoto, na kwamba kutoka juu, kabla nyumba hazijawa nyingi, mtu aliweza kuona mitumbwi ikirudi, akaitambua ya baba yake kwa rangi ya tanga. Tulimwuliza kama mkewe anayajua hayo. Akasema hajapata kumweleza.