Mimi Nimetumwa Tu

Ndugu zangu mlio na mhuri kwenye droo, mlio na funguo za mahabusu, mlio na kalamu ya kuorodhesha majina ya watu, leo nasema nanyi. Ni mara ngapi mmesema, "Mimi nimetumwa tu"? Mara ngapi mmemtazama mama aliyesimama mbele ya meza yenu tangu alfajiri, mkamwambia maelekezo yametoka juu, kisha mkamwita anayefuata?

Sikieni! Mwezi Aprili 1961, mjini Yerusalemu, mwanamume mwenye miwani na suti aliketishwa ndani ya kizimba cha kioo. Ni Adolf Eichmann, luteni kanali wa zamani wa Wanazi. Kazi yake ilikuwa usafiri. Usafiri, ndugu zangu! Kupanga treni, kupatana na watu wa reli, kuhakikisha mabehewa yamejaa na yameondoka. Njia ya reli iliishia kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz. Utawala ule uliua Wayahudi wapatao milioni 6, na yeye akajitetea kwamba hakumuua mtu kwa mkono wake. Alitii amri.

Hannah Arendt, mwanafalsafa Myahudi aliyekimbia Ujerumani mwaka 1933, alihudhuria kesi hiyo. Watu walikwenda kuliona zimwi. Yeye akaona karani asiyefikiri. Kitabu chake cha 1963 kuhusu kesi hiyo kilimgombanisha hata na marafiki. Na haki isemwe: waliochunguza maneno ambayo Eichmann alirekodiwa akiyasema Argentina, kabla hajakamatwa, wameonyesha kwamba aliiamini chuki ile na kujivunia. Basi huenda Arendt alidanganywa na sura ya kizimbani. Lakini Eichmann hakuendesha treni hata moja! Aliyeziendesha, aliyehesabu mabehewa, aliyeandika majina nyumba kwa nyumba, je, wote hao walijaa chuki kiasi hicho? Wengi walikuwa wanangoja mwisho wa mwezi.

Wala msijifariji kwamba elimu itatuokoa. Eichmann alidai ameishi kwa mafundisho ya mwanafalsafa Kant. Jaji akamtaka aeleze, naye akaeleza, tena vizuri kiasi cha kushangaza: mtu atende lile tu ambalo angeridhia liwe sheria kwa wote. Alikuwa nalo kichwani kama mtoto aliyekariri katekisimu. Kant alitaka kila mtu ajihukumu mwenyewe kwa akili yake; huyu akampa Hitler kiti hicho cha hakimu, akalala usingizi.

Najua mtakalonijibu. "Mhubiri, nikikataa, watoto watakula nini? Nikikataa, si wataniua?" Sitawadanganya. Katika kesi hiyo hiyo shahidi mmoja, Abba Kovner, alimtaja Anton Schmid, sajini wa jeshi la Ujerumani kule Vilnius. Schmid alikuwa fundi umeme wa Vienna, mwenye kaduka kake. Aliwapa Wayahudi hati na malori ya jeshi wakatoroka. Hakutaka fedha. Aprili 1942 wenzake wakampiga risasi. Arendt ameandika jinsi ukumbi wote wa mahakama ulivyonyamaza jina hilo lilipotajwa.

Alikufa, ndiyo. Sasa ombeni msiwe peke yenu, tena msiombe tu: tafutaneni! Mwishoni mwa Septemba 1943, Denmark ikiwa imekaliwa na Wajerumani, habari za msako wa Wayahudi zilivuja. Majirani wakawaficha majirani, na hospitali zikapokea "wagonjwa" wasiougua. Wavuvi wakawavusha usiku hadi Uswidi, zaidi ya watu 7,000. Sisemi walikuwa malaika. Wengine walitoza nauli, tena ya kuumiza. Lakini mashua ziliondoka! Nchi nzima ilikuwa imekaliwa, kila mtu na woga wake, na bado mmoja alimnong'oneza mwenzake, mwenzake akafungua mlango.

Pilato alinawa mikono mbele ya umati. Sisi hata maji hatuna haja nayo, tuna wino na sahihi ya bosi.

Jumatatu faili litaletwa mezani pako, ndugu yangu, limefungwa kwa utepe, na ndani yake mna jina la mtu. Kabla hujagusa mhuri, lisome jina hilo kwa sauti. Kisha mgeukie mwenzako wa meza ya pili umuulize: wewe unalionaje hili?