Deni la Njiani

Wahenga walituachia neno lisemalo kwamba milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Neno hilo tumelitumia mara nyingi kuwaonya watoto: usimdharau mtu, usimdhulumu mtu, kwa kuwa iko siku utakutana naye tena, na pengine siku hiyo wewe ndiwe utakayekuwa mhitaji. Ni onyo jema, nami nililiandika ubaoni zaidi ya mara moja katika miaka yangu ya kufundisha walimu. Lakini mwanafunzi mmoja aliwahi kuinua mkono akauliza swali ambalo si jepesi: Je, Mwalimu, kama nina hakika kwamba sitakutana naye tena?

Swali hilo hasa ni la msafiri. Nyumbani tunajuana. Akopaye dukani asilipe, habari zake hufika kisimani kabla yake. Amdanganyaye jirani atamkuta msibani, harusini na kanisani. Macho ya watu hutusaidia kuwa wema hata siku ambayo mioyo yetu haitaki. Njiani macho hayo hayapo. Hakuna alijuaye jina letu, wala la baba yetu, wala la parishi yetu. Kwa hiyo safari, hata ile ndogo ya kwenda kutembea na kuona mahali, ni kama mtihani ambao msimamizi wake ametoka nje ya chumba.

Mahali pazuri pa kulipima swali hili ni dirisha la basi. Atokaye Tanga kwenda Dar es Salaam hupita Muheza, Segera na Chalinze. Basi likisimama, wachuuzi hulikimbilia wakiwa wameinua juu machungwa, korosho, mayai ya kuchemsha na maji ya chupa. Hapo hufanyika biashara ya ajabu. Aliye chini haoni vizuri uso wa mnunuzi, na aliye juu hajui jina la muuzaji. Lazima mmoja aachie kwanza: ama fedha itangulie, ama bidhaa. Na dereva hamngoji mtu.

Katika safari moja nilimwona abiria akitoa noti ya shilingi 10,000 kununua korosho za shilingi 2,000. Kabla hajapewa chenji, basi likaondoka. Yeye akaanza kupiga kelele kwamba ameibiwa, na kwamba vijana wa siku hizi ni wezi watupu. Wakati huo kijana mwenyewe alikuwa akikimbia kando ya basi, sinia kichwani, na alipolifikia dirisha akazirusha ndani noti zilizokunjwa, shilingi 8,000 kamili. Basi zima likanyamaza.

Safari nyingine mambo yalikuwa kinyume. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu alikwisha kupokea fungu la machungwa, naye alikuwa bado akitafuta fedha mkobani, basi likang'oka. Akatoa kichwa nje, akamwita muuzaji amtajie namba ya simu. Yule akakimbia huku akitaja tarakimu, na mama akaziandika kiganjani kwa kalamu. Hata hatujafika kijiji cha pili alikuwa amekwisha kuituma fedha. Bwana aliyeketi kando yake alicheka akamwuliza, “Mama, kwani utamwona tena?” Mama akajibu, “Lakini machungwa ninayo.”

Jibu hilo ni fupi, lakini nadhani limebeba mambo mengi kuliko vitabu vingi nilivyosoma.

Plato, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, katika kitabu chake kiitwacho Jamhuri ameandika hadithi ya mchungaji wa mifugo wa nchi ya Lydia. Siku moja ardhi ilipasuka, mchungaji akashuka chini, akakuta maiti mwenye pete ya dhahabu kidoleni, akaichukua. Baadaye aligundua kwamba akiigeuza pete ile kuelekea ndani ya kiganja, watu hawamwoni. Basi hakuchelewa: alikwenda katika nyumba ya mfalme, akamshawishi malkia, akamwua mfalme, akautwaa utawala. Watu wameizoea kwa jina la pete ya Gyges. Aisimuliaye kitabuni, Glaucon, anamwuliza Socrates swali kali: tukimpa mwema pete moja na mbaya pete ya pili, je, kutakuwa na tofauti yoyote kati yao?

Naona kila msafiri huvaa pete hiyo siku ya safari. Si kwamba haonekani. Anaonekana sana, ila hajulikani, na mtu asiyejulikana hupata uhuru ule ule wa mchungaji. Jibu la Socrates, likifupishwa, ni kwamba adhulumuye hujidhuru mwenyewe, maana udhalimu ni ugonjwa wa roho, hata kama hakuna amwonaye mgonjwa. Jibu hilo ni la kweli. Lakini kwangu mimi ni nusu ya jibu, kwa sababu latazama roho ya mtenda peke yake. Yuko pia mwuza machungwa aliyeachwa barabarani mikono mitupu, ambaye pengine faida yake ya asubuhi nzima imekwenda na basi. Tena yuko mtu wa tatu ambaye kwa kawaida tunamsahau, yaani msafiri ajaye nyuma yetu.

Fikiri, ndugu msomaji. Mchuuzi aliyeibiwa leo, kesho hatatoa machungwa kabla ya kushika fedha. Abiria aliyekosa chenji leo, kesho hatanunua kabisa, au atanunua huku akitukana. Hasara ya udanganyifu wa njiani hailipwi na mdanganyifu, kwa kuwa yeye amekwisha kwenda zake. Hulipwa na wengine. Kadhalika kijana yule mwenye korosho alipokimbia na shilingi 8,000, hakumrudishia yule bwana peke yake. Alituwekea akiba sisi sote tuliokuwa ndani ya basi.

Akiba hiyo ndiyo tunayoishi juu yake tusafiripo, ingawa hatuioni. Katika bandari ya Dar es Salaam, penye boti za Unguja, mama mwenye mizigo miwili na mtoto humwambia asiyemjua, “Dada, nishikie mtoto nipandishe mzigo.” Na yule dada humshika. Stendi twaambiana, “Niangalizie mkoba, naja sasa hivi.” Ni nani aliyetufundisha kuthubutu hivyo? Ni wale walioshika watoto wa watu na kuangalia mikoba ya watu kabla yetu, wasiile amana. Hatuwajui, na hatuna namna ya kuwalipa. Kwa hiyo deni lao twalilipa kwa wengine, hao ambao hatutawaona tena.

Wazee wa pwani waliifahamu shida ya mgeni asiye na mtu. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyepita pwani yetu mwaka 1331, akifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa, ameeleza desturi aliyoikuta Mogadishu. Chombo kilipotia nanga, vijana walikiendea kwa mitumbwi, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa mfanya biashara mmoja chakula kile na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alikaa kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemwuzia na kumnunulia vitu. Mtu akinunua mali ya mgeni kwa bei ya dhuluma, au akimwuzia kitu mwenyeji wake asipokuwapo, biashara hiyo ilihesabiwa kuwa batili. Bila shaka wenyeji nao walipata faida. Lakini tuione hekima yake: mji mzima ulikubali kwamba mtu asiyejulikana ni rahisi kudhulumiwa, basi ukampa mtu wa kumjua.

Liko jambo jingine katika kutembea na kuona mahali. Lugha yetu ina neno kutazama na ina neno kuonana, nayo si sawa. Mlima twautazama. Mtu twaonana naye, yaani naye hutuona. Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, hujaa watazamaji, wageni wa mbali na sisi wenyewe pia, maana siku hizi kila mwenye simu ana kamera. Picha ya mlango wa nakshi haihitaji ruhusa ya mlango. Lakini bibi aliyeketi mlangoni akichambua mchele si nakshi. Amepigwa picha mara ngapi na watu ambao hawakumwambia hata “Shikamoo”?

Katika mji huo huo, Mkunazini, liko Kanisa Kuu la Kristo. Jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, na limejengwa pale pale palipokuwa soko. Hapo watu walitazamwa meno na misuli na wanunuzi ambao hawakuuliza jina. Sisemi kwamba mpiga picha ni sawa na mfanya biashara ya watumwa, la hasha. Nasema tu kwamba mahali pale panatukumbusha mwisho wa njia ile: mtu akizoea kutazama wanadamu pasipo kuonana nao, moyo wake hujifunza jambo baya. Salamu ni malipo ya kwanza ya deni la njiani, na haina gharama.

Malipo ya pili ni ukweli. Sote twaijua shida ya kuuliza njia. Aulizwaye huona aibu kusema hajui, au hutaka kumtia moyo mgeni aliyechoka. Basi husema, “Ni hapo mbele tu,” na hapo huwa ni mwendo wa saa nzima. Nia ni njema, lakini miguu ni ya mgeni. Katika vichochoro vya Unguja nilimwuliza njia mzee mmoja aliyekuwa barazani. Alisema, “Huko sikujui vizuri, mwanangu, lakini fundi viatu pale pembeni anakujua.” Kisha akavaa kandambili zake, akanipeleka mpaka kwa fundi. Neno lake “sikujui” lilinifaa kuliko maelekezo kumi ya kubahatisha.

Vivyo hivyo katika mapango ya Amboni, karibu kilomita 8 kaskazini ya mji wa Tanga. Ni mapango ya mawe ya chokaa. Hatua chache ndani giza ni tupu, na popo wako juu ya vichwa. Mgeni humfuata mwongozaji mwenye tochi, huinama aambiwapo na hukanyaga aonyeshwapo. Roho yake imo mikononi mwa mtu aliyemjua nusu saa iliyopita. Ziko hadithi nyingi juu ya mapango hayo, mojawapo kwamba njia ya chini kwa chini hufika hata Mombasa. Kijana aliyetuongoza aliisimulia kwa uhodari mkubwa, kisha akaongeza, “Hivyo ndivyo wazee wanavyosimulia; mimi mwenyewe sijafika huko.” Angeweza kutudanganya, nasi tungeondoka tumefurahi. Hakutupunguzia hadithi wala hakutupunguzia ukweli.

Yuko atakayeniambia: Mwalimu, unaota. Njiani wako wezi. Wako wanaompa abiria biskuti zenye dawa, naye akizinduka hana mkoba wala simu. Ni kweli, nami nawaonya wajukuu zangu wasile cha mtu wasiyemjua. Lakini tutenganishe mambo mawili ambayo lugha yetu imeyaweka karibu: kuamini na kuwa mwaminifu. Kuamini hutaka busara, na mtu ana haki ya kuushika mkoba wake. Kuwa mwaminifu hakungoji kumjua mwingine. Sina deni la kumwamini kila nimwonaye. Nina deni la kuwa mwaminifu kwa kila nimwonaye. Asiyetenganisha haya, akiibiwa mara moja hujiona amepata ruhusa ya kuiba.

Katika mfano wa Msamaria Mwema, wote walikuwa njiani, na kwa kawaida twamsifu Msamaria, kwa haki. Mimi hupenda kumfikiria pia mwenye nyumba ya wageni. Alipewa dinari mbili, akaachiwa mgonjwa asiyemjua, pamoja na ahadi ya msafiri kwamba gharama nyingine atazilipa akirudi. Hatuelezwi kama alirudi. Alichokuwa nacho mwenye nyumba ni mgonjwa kitandani na neno la mtu aliyekwisha kuondoka.

Basi jibu langu kwa yule mwanafunzi ni hili. Methali ya milima ni ya kuanzia tu. Iko methali nyingine iliyokomaa zaidi: tenda wema nenda zako. Hii haikuahidi kwamba mtakutana. Imetungwa kana kwamba mtunzi wake alijua kuwa sisi sote tu wapita njia, na kwamba wengi tunaowatendea mema au mabaya hatutawaona tena. Kwa hiyo unapofunga mizigo kwenda kuwaona ndugu au kutembea, weka fedha ndogondogo karibu kabla basi halijasimama. Salimu kabla hujauliza. Omba ruhusa kabla hujapiga picha. Na mgeni akikuuliza njia usiyoijua, sema hujui, kisha umtafutie anayeijua.